Enalapril au losartan? Chagua ukijua nani ameshika mlango wa figo

Mgonjwa wa kisukari amepima mkojo, protini imeonekana, na ameambiwa aanze dawa ya kulinda figo. Kwenye rafu ya duka la dawa ziko mbili zinazopatikana kwa urahisi, enalapril na losartan, na pengine captopril, ambayo ni ya ukoo mmoja na enalapril lakini imetangulia kuzaliwa. Swali la kwanza huwa: ipi bora?

Jibu fupi ni kwamba ndani ya figo zote zinafanya karibu kazi ileile. Uchaguzi wako utegemee kikohozi, historia ya kuvimba uso, idadi ya dozi kwa siku, hali ya figo zenyewe na magonjwa mengine uliyonayo. Lakini jibu refu ndilo linalookoa watu, kwa sababu wengi wanaoumia figo wakiwa kwenye dawa hizi hawaumizwi na kuchagua enalapril badala ya losartan. Huumizwa na kitu cha tatu kilichoongezwa juu yake: diclofenac ya mgongo, siku tatu za kuharisha, vidonge vya kukojoza vilivyoendelea kumezwa wakati mwili umekauka. Kitu hicho hakieleweki mpaka ujue homoni zinavyoongoza damu ndani ya figo. Kwa hiyo tunaanzia huko, kisha tunarudi kwenye rafu.

## Kichujio chenye milango miwili

Figo zote mbili kwa pamoja zina uzito wa gramu 300 hivi, lakini hupokea karibu sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani lita 1 hadi 1.2 kila dakika. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kichujio kimoja ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko unywele, na kinatofautiana na mishipa myembamba ya kwingineko mwilini kwa jambo moja kubwa: kwingine damu huingia kwa ateri na kutoka kwa vena, ila hapa huingia kwa ateri ndogo na kutoka kwa ateri ndogo nyingine. Zote mbili zina misuli, na kila moja inaweza kubanwa au kulegezwa bila mwenzake. Tuziite mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani, utoboe vitundu katikati, ufungue bomba. Ukiukanyaga karibu na bomba, vitundu vinatoa maji kwa unyonge. Ukiukanyaga mwishoni, maji yanayofika mwisho yanapungua lakini vitundu vinaruka kwa nguvu. Figo hufanya vivyo hivyo. Ukibana mlango wa kuingilia, damu inapungua na mchujo unapungua. Ukibana kiasi mlango wa kutokea, damu inapungua lakini mchujo unashikiliwa, kwa sababu presha ndani ya kichujio imepanda.

Na presha hiyo haina akiba kubwa. Ndani ya kichujio kuna takriban mmHg 60 zinazosukuma maji nje. Zinazopinga ni mmHg 18 za kifuko kinachopokea maji, na mmHg 32 za protini za damu zinazovuta maji yabaki. Kinachosalia ni mmHg 10 tu. Kwa hizo 10, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja mililita 125 kwa dakika, karibu lita 180 kwa siku, kisha karibu zote hurudishwa kwenye damu na mkojo unabaki lita moja na nusu hivi. Ukielewa udogo wa hiyo 10, utaelewa kwa nini kidonge kimoja kwa mtu aliyekauka maji kinaweza kuzima figo kwa siku chache.

## Nani anashika mlango upi

| Homoni | Mlango wa kuingilia | Mlango wa kutokea | Damu inayopita | Mchujo |
|---|---|---|---|---|
| Angiotensini II | hubana kidogo | hubana zaidi | hupungua | hushikiliwa |
| Prostaglandini E2 na I2 | hulegeza | athari ndogo | huongezeka | hushikiliwa |
| Adrenalini na noradrenalini | hubana | hubana | hupungua sana | hupungua |
| ANP (homoni ya moyo) | hulegeza | hubana | hubadilika kidogo | huongezeka |
| Adenosini | hubana | athari ndogo | hupungua | hupungua |

Aldosteroni na homoni ya kuzuia mkojo hazimo kwenye jedwali kwa makusudi. Kazi yao kubwa iko mbele zaidi, kwenye mirija inayorudisha chumvi na maji baada ya mchujo kupita. Watu huzichanganya mara kwa mara na angiotensini kwa sababu zinatajwa pamoja.

Katika yote hayo, mistari miwili ya kwanza ndiyo inayohusu rafu ya duka la dawa.

Angiotensini II huanza na renini, kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman huko Stockholm. Renini hutolewa na chembe zilizo kwenye ukuta wa mlango wa kuingilia wenyewe, na mambo matatu huzichochea: ukuta huo kulegea kwa sababu presha imeshuka, chumvi inayofika kwenye mrija wa mbele kupungua, na mishipa ya fahamu ya hali ya hatari kuamka. Renini hukata protini ya ini na kutoa angiotensini I. Kimeng'enya kingine, ACE, kilicho kwa wingi kwenye mapafu, huigeuza kuwa angiotensini II. Hiyo ndiyo inayobana mlango wa kutokea, inayopandisha presha ya mwili mzima, na inayoamuru tezi za juu ya figo kutoa aldosteroni.

Prostaglandini hazisafiri mbali. Hutengenezwa hapo hapo kwenye figo na kufanya kazi hapo hapo. Mtu mwenye afya, aliyekunywa maji vizuri, hazihitaji sana; ndiyo maana kijana anaweza kumeza ibuprofen siku mbili kwa jino na figo zisihisi kitu. Lakini mwili ukikauka, damu ikivuja, moyo ukidhoofika au ini likisinyaa, adrenalini na angiotensini hupanda na kubana mishipa kila mahali. Hapo prostaglandini ndizo zinazoachia mlango wa kuingilia ubaki wazi huku angiotensini ikiubana ule wa kutokea. Mmoja anavuta damu iingie, mwingine anaizuia isitoke haraka, na mmHg 10 zinabaki hai.

Weka picha hiyo kichwani, kwa sababu dawa mbili za kawaida kabisa huwafukuza walinzi hao wawili: enalapril au losartan humwondoa wa nyuma, ibuprofen au diclofenac humwondoa wa mbele.

## Kwa nini basi tulegeze mlango wa kutokea?

Kwa sababu kwenye kisukari na kwenye figo zilizopoteza vichujio vingi, mlinzi wa nyuma anabana kupita kiasi. Vichujio vilivyobaki hubebeshwa kazi ya vilivyokufa, presha ndani yake inapanda, na kwa miaka inavitoboa. Dalili ya kwanza ni protini kwenye mkojo, muda mrefu kabla kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, ambayo hupanda mchujo unapopungua) haijapanda. Ukilegeza mlango wa kutokea, presha ya ndani inashuka, protini inapungua, na kichujio kinaishi zaidi.

Ushahidi ni wa pande zote mbili. Mwaka 1993 utafiti wa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba captopril ilipunguza kwa 48% hatari ya kreatinini kuongezeka maradufu. Mwaka 2001, katika watu 1,513 wenye kisukari cha aina ya pili, losartan ilipunguza kwa 28% hatari ya kufikia kushindwa kabisa kwa figo. Kwa hiyo anayesema moja ni ya figo na nyingine ni ya presha tu amekosea.

## Enalapril na captopril upande huu, losartan upande ule

Tofauti iko kwenye mahali pa kukata mnyororo. Enalapril na captopril huzuia kimeng'enya ACE, hivyo angiotensini II haitengenezwi kwa wingi. Losartan huiacha itengenezwe, lakini huziba vipokezi ambavyo ingeshikia kazi.

Shida ni kwamba ACE ina kazi ya pili: kuvunja bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa. Ukiizuia, bradikinini inarundikana. Kwa kweli dawa hizi zilianzia hapo: mtafiti wa Brazil, Sérgio Ferreira, aligundua miaka ya 1960 kwamba sumu ya nyoka jararaca huongeza nguvu ya bradikinini, na njia hiyo ndiyo iliyofikisha captopril sokoni Marekani mwaka 1981. Losartan ilifuata mwaka 1995.

Bradikinini ikirundikana kwenye njia ya hewa huleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo, kisicho na makohozi, kinachozidi usiku. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi, wakati mwingine wiki ya kwanza, wakati mwingine baada ya miezi kadhaa. Dawa ya kikohozi haikisaidii. Tumeona wagonjwa wakipewa antibiotiki mara tatu na kupimwa kifua kikuu kabla hajatokea mtu wa kuuliza wanameza nini kwa presha. Kupima kifua kikuu ni sahihi, kuuliza orodha ya dawa ni sahihi zaidi, na kuuliza hakugharimu kitu. Ukiacha enalapril, kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4. Usihamie captopril au lisinopril, kwani ni ukoo uleule na kikohozi kitarudi. Hamia losartan.

Jambo la pili ni zito kuliko kikohozi: kuvimba ghafla kwa midomo, ulimi, uso au koo. Ni nadra, chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini huwapata watu weusi takriban mara tatu zaidi ya weupe, na inaweza kuziba hewa. Ni dharura ya hospitali. Aliyewahi kuipata kwa enalapril asirudi kamwe kwenye ukoo huo maisha yake yote, na iandikwe kwenye kadi yake. Losartan inaweza kutumika baadaye kwa uangalizi, kwa kuwa hatari ni ndogo mno ingawa haijafutika.

Kuhusu umezaji, losartan ina unafuu. Dozi ya kawaida ni miligramu 50 mara moja kwa siku, ikipanda hadi 100. Anza na 25 kwa mtu anayemeza dawa za kukojoza kwa wingi au mwenye ini bovu. Chakula hakiisumbui sana, na haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo dhaifu, kwa kuwa ini ndilo linaloishughulikia zaidi. Enalapril huanza na miligramu 5 mara moja kwa siku (2.5 kama kreatinini iko juu au kuna dawa ya kukojoza), kisha 10 hadi 20, na isizidi 40. Hutolewa na figo, kwa hiyo kwa figo dhaifu hujikusanya na dozi hupandishwa polepole. Captopril ndiyo ngumu kuishi nayo: miligramu 12.5 hadi 25 mara mbili au tatu kwa siku, saa moja kabla ya kula, maana chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, dozi ya mchana husahaulika, na dawa isiyomezwa hailindi chochote.

Kosa tunaloliona zaidi upande wa losartan ni kuiacha kwenye miligramu 25 au 50 milele kwa sababu presha ya mkono imetulia. Kwenye utafiti ule wa mwaka 2001, wengi walipandishwa hadi 100. Kama protini bado iko kwenye mkojo na presha na potasiamu vinaruhusu, pandisha.

Losartan ina zawadi moja ndogo: hupunguza asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo. Kwa mwenye presha na jongo, hiyo inatosha kuamua. Enalapril nayo ina uzito wake kwa mwenye moyo uliodhoofika, ambako ukoo wake una ushahidi wa zamani na imara zaidi. Hapo tungeanza nayo na kuhamia upande wa pili kikohozi kikikataa.

Kwa presha peke yake, bila protini kwenye mkojo wala moyo dhaifu, watu weusi wengi hawashuki vya kutosha kwa enalapril au losartan zikiwa peke yake. Amlodipine au dawa ya kukojoza ya kundi la thiazide huanza vizuri zaidi. Lakini amlodipine hulegeza hasa mlango wa kuingilia, si wa kutokea. Ikipewa peke yake kwa mwenye protini nyingi kwenye mkojo, presha ya mkono hushuka bila kichujio kupata nafuu ileile. Kwa mgonjwa huyo ziende pamoja: losartan au enalapril kwa ajili ya kichujio, amlodipine kwa ajili ya presha.

Mjamzito hapewi hata moja kati ya hizi. Figo za mtoto tumboni hutegemea angiotensini ili kuchuja. Ukiizuia, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza, mtoto huacha kukojoa, maji ya uzazi hupungua, na mapafu hayakui. Mwanamke anayeweza kushika mimba aambiwe hivyo siku ya kwanza ya dawa. Methyldopa, nifedipine au labetalol ndizo za kuhamia.

## Zote mbili kwa pamoja?

Hapana. Wazo lilionekana zuri: ukikata mnyororo mahali pawili, kinga itaongezeka. Matokeo ya mwaka 2008 kwa zaidi ya watu 25,000 yalionyesha kwamba kuchanganya ramipril (ukoo wa enalapril) na telmisartan (ukoo wa losartan) hakukuokoa mioyo zaidi, ila kuliongeza presha kushuka mno, potasiamu kupanda na figo kuharibika. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliochanganya losartan na lisinopril kwa wenye kisukari ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu ya potasiamu kupanda na figo kuumia ghafla. Ukikuta enalapril kwenye mfuko wa mgonjwa na losartan kwenye karatasi mpya, mara nyingi ni vituo viwili vilivyoandika bila kujuana. Mfamasia ana nafasi nzuri ya kulikamata hilo.

## Kreatinini imepanda: lini utulie, lini usimame

Hapa ndipo wengi huachishwa dawa nzuri bila sababu, na wachache huachwa kwenye dawa inayowaua figo.

Pima kreatinini na potasiamu kabla ya kuanza. Rudia baada ya wiki 1 hadi 2 kwa mzee au mwenye figo dhaifu, na isizidi wiki 4 kwa yeyote. Fanya hivyo kila dozi inapopanda. Kreatinini ikipanda kidogo, hiyo ni alama kwamba presha ndani ya kichujio imeshuka, jambo ambalo ndilo ulilolitaka. Mpaka unaokubalika ni 30%. Kwa mfano (kwa mikromoli kwa lita), ilikuwa 90 ikawa 112: imepanda 24%, endelea na upime tena. Ilikuwa 90 ikawa 140: imepanda zaidi ya 55%, simamisha na utafute sababu.

Sababu za kutafuta, kwa mpangilio wa uwezekano: mwili kukauka, dawa ya maumivu, dozi kubwa ya kukojoza, na ateri za figo zilizoziba kwa pande zote mbili. Hiyo ya mwisho ina ufafanuzi wake kwenye milango. Ateri kubwa imesinyaa, damu kidogo ndiyo inayofika, na mchujo wote unaning'inia kwenye mlango wa kutokea uliobanwa. Ukiulegeza, unaanguka.

Potasiamu hupanda kwa njia nyingine: angiotensini ikizuiwa, aldosteroni hupungua, na aldosteroni ndiyo inayotupa potasiamu kwenye mkojo. Ikiwa juu ya 5.0 (milimoli kwa lita) kabla ya kuanza, itafutie sababu kwanza. Ikifika 5.5, punguza dozi na upitie orodha yote. Ikifika 6.0, simamisha na mgonjwa apelekwe kupima moyo siku hiyo hiyo. Sampuli iliyokaa muda mrefu au iliyovutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba hutoa potasiamu ya uongo, kwa hiyo rudia kipimo kama mgonjwa na namba havifanani, ila usirudie wiki ijayo, rudia sasa.

Vitu viwili vya kuulizia katika mazingira yetu. Cha kwanza ni co-trimoxazole, ambayo wengi wanaoishi na VVU humeza kila siku: trimethoprim iliyomo huzuia potasiamu kutoka, na pia hupandisha kreatinini bila kupunguza mchujo wenyewe. Cha pili ni maji ya madafu na chumvi mbadala. Madafu yana potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo nzima hayana neno, lakini kwa mwenye figo dhaifu aliye kwenye losartan, madafu matatu ya Pwani wakati wa joto si kinywaji cha kujiburudisha tu.

## Dawa ya maumivu: paracetamol, au ibuprofen na diclofenac?

Kwa mtu aliye kwenye enalapril au losartan huu ndio uchaguzi mkubwa kuliko ule wa kwanza, na hatusiti: paracetamol.

Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini zisitengenezwe. Ibuprofen, diclofenac, naproxen, indomethacin, meloxicam na piroxicam zote hupita njia hiyo. Zinapoondoa maumivu ya goti, zinamwondoa pia mlinzi wa mlango wa kuingilia. Zaidi ya hapo hushikilia chumvi na maji, hupandisha presha na kudhoofisha dawa zake, na kupandisha potasiamu. Mgonjwa anayeonekana kwamba losartan haimsaidii, aulizwe kuhusu dawa ya mgongo kabla ya kuongezewa dozi.

Celecoxib huuzwa kwa sifa ya upole, na kwa tumbo sifa hiyo ina ukweli. Kwa figo haina. Kimeng'enya inachokizuia ndicho kinachotengeneza prostaglandini za figo muda wote, si wakati wa uvimbe tu. Aspirini ndogo ya miligramu 75 kwa ajili ya moyo ni jambo tofauti. Athari yake kwenye milango ni ndogo na haiachwi kwa sababu hii.

Paracetamol ina mpaka wake: gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na pungufu ya hapo kwa aliyekonda, mnywaji pombe au mwenye ini bovu. Soma pakiti: kuna vidonge vya mchanganyiko vyenye diclofenac na paracetamol ndani ya kidonge kimoja, na mgonjwa huapa kwamba anameza paracetamol tu. Kwa goti au kiungo kimoja, diclofenac ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu na ni nafuu inayokubalika.

Hatari kubwa ni ya watatu kukutana: enalapril au losartan, dawa ya kukojoza, na dawa ya maumivu ya kundi hili. Ya kwanza imelegeza mlango wa nyuma, ya pili imepunguza maji, ya tatu imebana mlango wa mbele. Mwaka 2013 wachunguzi walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya 487,000 nchini Uingereza na kukuta kwamba watatu hao pamoja waliongeza kwa 31% hatari ya figo kuumia ghafla, na siku 30 za kwanza hatari hiyo iliongezeka kwa 82%. Kwa hiyo hata "siku tano tu" si ahadi ya usalama, kwa kuwa siku hizo tano ziko ndani ya dirisha baya.

Mgonjwa wa selimundu anastahili neno lake. Figo zake huchuja kupita kiasi tangu utotoni, na prostaglandini zina mchango mkubwa kwenye mchujo huo. Ndiye pia anayepewa diclofenac mara nyingi wakati wa maumivu makali, huku amekauka maji. Kreatinini yake huwa ndogo kwa kawaida, kwa hiyo 80 inayoonekana nzuri kwenye karatasi ya maabara inaweza kuwa imepanda maradufu. Linganisha na ya kwake ya zamani, si na mpaka uliochapwa pembeni.

## Wageni wapya, na mkongwe wa kuacha

Dapagliflozin na empagliflozin, dawa zilizoanza kama za kisukari, hugusa mlango wa kuingilia kwa njia ya mzunguko. Zinazuia sukari na chumvi kurudishwa mapema, chumvi nyingi inafika mbele kwenye mrija, na figo inajibu kwa adenosini inayobana mlango wa mbele kiasi. Presha ndani ya kichujio inashuka. Ndiyo maana hazishindani na losartan: moja inashughulikia mlango wa mbele, nyingine wa nyuma, na zinakwenda pamoja. Kreatinini hupanda kidogo mwanzoni kwa sababu ileile. Kwa mwenye uwezo wa kuzipata, ziongezwe. Zisichukue nafasi ya losartan.

Mkongwe wa kuacha ni dopamini ya dozi ndogo wodini "kwa ajili ya figo". Kweli hulegeza mishipa ya figo na mkojo huongezeka, lakini mwaka 2000 wagonjwa 328 mahututi walipolinganishwa Australia na New Zealand, haikuzuia figo kushindwa. Mgonjwa aliyejazwa maji na bado presha iko chini anahitaji noradrenalini. Kwenye jedwali inaonekana kama adui wa mlango, lakini presha ya wastani ya mwili ikirudi juu ya mmHg 65, figo hupata zaidi ya inachopoteza.

## Siku ya kuharisha na kutapika

Jambo hili mgonjwa alijue siku anayopewa dawa, si siku anayougua. Akiharisha au kutapika mara kwa mara, au akiwa na homa kali na hawezi kunywa, asimamishe kwa muda enalapril au losartan, dawa ya kukojoza, dapagliflozin na metformin, na asiguse ibuprofen wala diclofenac hata kama mwili wote unauma. Anywe maji ya ORS kidogo kidogo, ameze paracetamol. Mwenye moyo uliodhoofika asiamue peke yake, apige simu au afike kituoni kwanza. Dawa zirudi saa 24 hadi 48 baada ya kula na kunywa kama kawaida, kwa dozi ileile aliyokuwa nayo. Asiyekojoa kwa saa 12, anayechanganyikiwa, au anayeendelea kutapika siku ya pili aende kupimwa kreatinini na potasiamu, akiwa amebeba pakiti zote za dawa anazomeza, pamoja na zile alizonunua mwenyewe.